Mchinjaji wa Sinodi

Mkono wa kulia wa Mzee Abdillahi ulianza ukaidi wake kwenye kikombe cha kahawa, mbele za watu, kijiweni Utemini. Kahawa ikamwagikia kanzu. Wenzake wakasema kikombe kina moto. Naye akasema ndiyo, kina moto, na kweli kilikuwa na moto, ila si moto wa kutikisa mkono mpaka begani. Baada ya hapo ukatikisika akiwa ameshika funguo. Halafu ukaanza kutikisika akiwa hajashika kitu kabisa, ameulaza tu juu ya paja, ukawa unacheza peke yake kama mguu wa mtoto anayeota anakimbia.

Akatafuta namna ya kuuficha, akaipata: tasbihi. Mkono wenye tasbihi una ruhusa ya kuchezacheza. Akawa hatoki nyumbani bila tasbihi, na shanga zilipita vidoleni mbio mbio kiasi kwamba msikitini wakaanza kumpisha mstari wa mbele. "Mzee Abdillahi siku hizi amezama kwenye dhikiri," walisema. Akajikuta na sifa za ucha Mungu ambazo hakuzitolea jasho, na kila aliposifiwa alijisikia mwizi.

Angekuwa fundi cherehani angestaafu, watu wangempa pole, yakaisha. Lakini Abdillahi alikuwa mchinjaji. Si wa buchani. Buchani kuna vijana. Yeye alikuwa mchinjaji wa shughuli: harusi, hitima, akika, na kubwa kuliko zote, Sinodi.

Mgeni wa Singida atauliza, Muislamu na Sinodi ya Waanglikana wapi na wapi? Jibu liko kwenye sufuria. Kila mwaka dayosisi inapowakutanisha makasisi na walei wake, wanakutana Utemini kwa sababu ndiko kwenye ukumbi. Wajumbe wanalala majumbani mwa watu, na nyumba za Utemini haziulizi mgeni dini. Mjumbe wa kutoka Itigi analala kwa Mwanabaraka, anaamshwa na adhana, anakunywa chai na chapati, anakwenda kumsikiliza Baba Askofu. Wenyeji kama hao huwezi kuwaambia wakale kwao siku ya karamu. Na ili wote wale nyama moja, ng'ombe anachinjwa na Muislamu. Masheikh wana vitabu vyao, na wanaweza kubishana mpaka Magharibi juu ya nani anaruhusiwa kuchinja na nani haruhusiwi. Utemini hakuna mwenye muda huo. Utemini Muislamu anashika kisu, Mkristo anashika pembe na miguu, kila mtu anajua mwisho wa mkono wake.

Kisu Abdillahi alikirithi kwa baba yake. Pembe zilishikwa na Mathayo, mzee wa kanisa, mjumbe wa walei tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Hawa wawili walikuwa watani kwa kurithishwa. Babu wa Abdillahi alikuja na vitambaa kutoka pwani, babu wa Mathayo akamuuzia ng'ombe, kila mmoja akaamini amemwibia mwenzake, na wajukuu wakawa wanadaiana matusi mpaka leo.

Sasa sikia alivyojifunga mwenyewe. Mwaka uliopita kijana mmoja mwenye ndevu mpya alisema pale kijiweni kwamba wazee waache kuchinjia makanisa. Abdillahi alisimama, kikombe mkononi, mkono ungali mtiifu, akasema: "Mimi nitachinja kwa Mathayo mpaka mkono udondoke." Kijiwe kizima kilicheka na kumuunga mkono. Sasa mkono ulikuwa unadondoka kweli, wala haukumuuliza kama aliyasema yale kwa mzaha.

Akikataa mwaka huu bila kutoa sababu, mtaa utasema kijana ameshinda, na Mathayo ataamini hivyo hivyo. Akitoa sababu, kisu kitahama nyumbani kwake. Akichinja, mkono ukakosea, atawalisha majirani kibudu. Alizipindua njia hizo tatu kitandani, akiwa amelalia mkono ili Swaumu asiusikie ukigonga godoro.

Swaumu alikuwa mke wa miaka mingi na hakuhitaji kusikia godoro. Siku moja alimletea jogoo uani, jogoo wa Singida hasa, mwenye miguu kama ya mwanariadha. "Baba Radhia, nichinjie, kuna wageni."

Abdillahi akakanyaga mabawa, akataja jina la Mungu, akakata. Kisu kiliruka mara mbili. Jogoo akachomoka shingo ikiwa imening'inia nusu, akazunguka ua, akapita juu ya nguo zilizoanikwa, akaangukia kwenye beseni la vyombo. Ndiyo karamu ya wageni hiyo.

"Mtupieni mbwa," Abdillahi alisema. "Hakukatika vizuri."

Swaumu aliokota sahani moja moja kutoka kwenye maji mekundu. Hakuinua uso. "Mwambie Mathayo."

"Nimwambie nini?"

"Hicho ulichoniambia mimi sasa hivi bila kuniambia."

"Ni kisu. Kinataka kunolewa."

"Haya. Kinoe." Akamwaga maji. "Daktari alisema nini siku ile uliyosema unakwenda mazikoni?"

Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge. Vidonge vilimlaza yeye, mkono ukaendelea kukesha.

Ijumaa baada ya swala Mathayo alikuja mlangoni, kama alivyokuja kila mwaka. Sinodi haikumpelekea Abdillahi kadi. Kadi ni za wageni. Kwake ilikuja kwa mdomo, na maneno yalikuwa yale yale ambayo baba zao walisemezana.

"Kisu kimelala?" Mathayo aliuliza toka nje.

Abdillahi alipaswa kujibu "Kimelala," naye Mathayo aseme "Kiamshe, wageni wako njiani." Mkono ndani ya mfuko wa kanzu ulikuwa unahesabu shanga kama karani aliyechelewa.

"Mswahili, umekufa humo?"

"Kimelala," alisema Abdillahi.

"Kiamshe, wageni wako njiani. Maksai wawili mwaka huu. Mmoja ametoka Iramba, ana shingo kama gunia la mahindi. Mchungaji Godfrey amefunga turubai mpaka barabarani, utadhani anamwoza binti." Mathayo akaingia, akakaa, akamtazama. "Mbona umekonda? Au Swaumu ameacha kukupikia wali wa nazi, anakupa chakula cha watu?"

"Chakula cha watu ni kipi, mla mlenda wewe?"

"Mlenda huo huo. Ungekuwa unakula mlenda usingekuwa na sura ya mgomba uliopigwa jua."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mtani huambiwa lolote. Ndiyo kazi ya utani. Abdillahi alifungua mdomo. "Mathayo."

"Naam."

"Mwaka huu..." Nje kwaya ilikuwa inapita kwenda mazoezini, wakiburuza spika kwenye mkokoteni. Mathayo aligeuka kuwatazama, uso wake umejaa furaha ya mtu ambaye kila kitu kiko mahali pake. "Mwaka huu nini?"

"Mwaka huu shika pembe vizuri. Mwaka jana ulisinzia."

Mathayo akacheka mpaka akakohoa, akaondoka. Swaumu alikuwa amesimama kwenye pazia. Akalishusha pazia, na Abdillahi aliona afadhali apigwe sufuria ya kichwa.

Kesho yake alikwenda sokoni kwa Amri. Huyu Amri alikuwa na bucha, mikono miwili iliyotulia, na hamu ya siku nyingi. Kila mwaka alimwomba Abdillahi amchukue, asimame tu pembeni ajifunze shughuli kubwa inavyoendeshwa. Kila mwaka Abdillahi alimjibu kwamba anachinja kama anakata nyanya. Wengine pia waliomba, wakapewa majibu ya namna hiyo. Wivu wa kisu ni mbaya kuliko wivu wa mke wa pili. Ndiyo maana sasa mzee alikuwa na kisu kimoja, mkono mmoja mbovu, na hakuna mrithi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Biashara?"

"Inakwenda. Naona kanisani wameshafunga maturubai." Amri alifuta meza, akatabasamu. "Au mwaka huu nije nikushikie walau mkia?"

Ilikuwa ni kusema neno moja tu: njoo. Abdillahi alikuwa amelibeba neno hilo tangu nyumbani, amelikunja vizuri kabisa. Lakini buchani palikuwa na wanunuzi, na mmoja wao alikuwa yule kijana mwenye ndevu mpya, anachagua mbavu huku masikio yake yako wazi kama madirisha.

"Nipe maini," Abdillahi alisema. "Na usikate kama nyanya."

Akarudi na maini ambayo nyumbani hakuna aliyeyataka.

Siku ya kuchinja ilifika na baridi ya Singida, ile inayokuja na upepo toka ziwani na kuingia kwenye mikono ya kanzu bila hodi. Nyuma ya ukumbi palikuwa pameshachangamka. Klara, mkuu wa akina mama wa kanisa, alikuwa anagawa kazi kwa sauti iliyofika kituo cha mabasi. Upande wa pili wa ua, kwenye mafiga yao, Mwanabaraka na wanawake wenzake wa Kiislamu walikuwa wanamenya vitunguu kwa ajili ya sufuria lao, sufuria la majirani na watoto wa madrasa. Makasisi waliowahi kufika walizunguka na vikombe vya chai, majoho yao yamening'inizwa madirishani yanyooke. Mchungaji Godfrey alikimbia huku na huku ameshika simu mbili.

"Shikamoo, Mzee Abdillahi. Tukikuona wewe tunajua Sinodi imeanza."

"Marahaba, mchungaji," alisema Abdillahi, na moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu.

Maksai wa Iramba alilazwa wa kwanza, kichwa upande wa ziwa Singidani, ndiko kibla. Vijana wa kanisa wakakalia miguu na kugeuza nyuso, maana wengi wao walikuwa wa mjini na damu waliijulia kwenye simu. Mathayo alipiga goti, akashika pembe, akazivuta nyuma hadi ngozi ya shingo ikakaza. Alikuwa ameshaivaa kamba ya ujumbe wa Sinodi, kitambulisho kimetupwa mgongoni kisilowe.

"Haya, Mswahili. Usirembe, watu wana njaa."

"Shika pembe, mla mlenda."

Abdillahi aliweka tasbihi mfukoni. Mkono ukabaki uchi. Alipoinama, kisu kilikuwa kinatetemeka hewani, kinamulika jua dogo la asubuhi huku na huku. Akamwomba Mungu, na hakuomba makubwa: aliomba pumzi moja tu ya utulivu, akishamaliza achukue mkono wote kama anautaka.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Kisu kikagusa, kikateleza. Kikakwaruza ngozi, kikaruka, kikakwaruza tena. Maksai akavuta pumzi kubwa, akajitikisa na vijana wake wote juu ya miguu. Abdillahi akaegemeza kisu mara ya tatu, mkono ukakataa kabisa, ukawa unagonga gonga shingo kama mtu anayebisha hodi. Akamwona Mathayo anautazama. Si kisu, mkono. Akaona uso wa mtani wake unavyoelewa, kahawa, tasbihi, kukonda, yote kwa pamoja.

Na Mathayo akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya nyuma ya ukumbi ule. Aliachia pembe moja, akaukamata mkono wa Abdillahi kwenye kifundo, akaubana, akausukuma. Mikono miwili ikashuka pamoja, kisu kikapita moja kwa moja. Damu ikaruka mpaka kwenye suruali ya Mathayo ya Sinodi.

Kulikuwa na kimya cha mnyama anayekwisha. Vijana waliinuka mmoja mmoja, wakijipangusa, hawakuona kitu.

Mathayo alikuwa bado amepiga goti. Alikitazama kiganja chake cha kulia, chekundu, kana kwamba amekiokota njiani. "Mtani," alinong'ona. "Nilidhani utaanguka. Nilitaka tu... Mtani, nimefanya nini?"

Maisha yake yote Abdillahi alijua mwisho wa mkono wa kila mtu, na sasa mkono wa rafiki yake ulikuwa umevuka kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo imeharibu nyama.

"Hakuna aliyeona," Mathayo alinong'ona tena. "Nyamaza. Mungu anajua nia. Nyamaza tu, tuendelee."

Na kweli hakuna aliyeona. Mchungaji Godfrey alikuwa na simu zote mbili masikioni. Mwingine angemaliza shughuli, akapokea shingo yake, akarudi nyumbani akiwa bado mchinjaji wa Sinodi. Maana shingo ndiyo haki ya mchinjaji. Kila mwaka inapelekwa nzima kwa Swaumu, naye huwa ameshabandika maji jikoni. Wakati huo huo, Abdillahi alijua, maji yalikuwa motoni.

Akanyanyua macho, akamwona Mwanabaraka anamimina mafuta kwenye sufuria kubwa. Watoto wa madrasa walikuwa wameshaketi ukutani na sahani zao, asubuhi yote hiyo, wanangoja chakula cha mchana.

Alisimama.

"Mchungaji," aliita. "Klara. Mwanabaraka, hebu njoo." Walikuja, na wengine wakaja nyuma yao kama watu wanavyokuja. "Ng'ombe huyu ni wa kanisa. Kwenye sufuria la Mwanabaraka usiingie hata mfupa wake."

"Kwa nini, mzee?" aliuliza Mchungaji Godfrey. "Kuna tatizo gani?"

Mathayo alifungua mdomo. Alikuwa mwekundu mikono, mweupe midomo, na alikuwa anakwenda kusema, mbele ya makasisi wa dayosisi nzima. Abdillahi akamuwahi. "Wewe shika pembe," alimwambia. Kisha akaugeukia umati, akautoa mkono wa kulia mbele, bila tasbihi, akauacha ucheze wakiuona. "Mkono wangu umekosea. Ulianza kukosea siku nyingi, nikawaficha. Mwiteni Amri amchinje wa pili."

Klara alijifunika mdomo na kanga. Mwanabaraka alikwenda kuliepua sufuria na kuliweka pembeni ya moto, taratibu, kama vile kuna msiba karibu. Ule mkono ulikuwa unacheza tu katikati ya watu.

Amri alikuja na bodaboda, aproni ya bucha bado kiunoni. Alipofika alisita, akaamkia, akasimama. Abdillahi akakipangusa kisu cha baba yake kwenye majani, upande huu na upande huu. Hakujua aseme nini. Maneno ya kukabidhi hakufundishwa, kwa sababu baba yake alikufa nacho mkononi.

"Kisu kimelala?" Amri aliuliza, kwa heshima, akijaribu maneno ya wazee.

"Kiamshe," alisema Abdillahi, akamwekea mpini mkononi.

Alibaki kutazama. Alitamani Amri akosee, Mungu amsamehe, alitamani hata kidogo tu. Amri alikata mara moja. Hakukata kama nyanya.

Nyumbani Swaumu alikuwa amekaa kwenye kigoda, maji yanachemka, ndimu na tangawizi ubaoni. Alitazama mikono ya mumewe, akaona mitupu.

"Shingo iko wapi?"

"Kwa Amri."

Swaumu aliepua maji ya shingo. Akabandika sufuria dogo, akachukua majani ya mlenda makavu kwenye kibuyu, akaanza kupika chakula cha kwao Singida, ambacho mumewe alikitukana mbele za watu na kukila kimya kimya miaka yote ya ndoa.

Mchana kwaya ilianza kule ukumbini. Spika zilileta wimbo mpaka uani, halafu sauti ya Baba Askofu ikiombea chakula. Na mlango ukagongwa, Mathayo akaingia, amebadili suruali, kitambulisho bado shingoni. Hakuwa na kitu mkononi. Hakuleta nyama, hata ya kujifanya amesahau.

"Karamu iko kule," Abdillahi alisema.

"Naijua iliko." Mathayo akaketi mkekani. "Nyama ile haipiti."

"Wewe ni wa kanisa, kwako ni halali."

"Najua ni halali. Nimekwambia haipiti." Alitazama mikono yake, imesuguliwa na sabuni mpaka imepauka. "Ungeacha niseme."

"Ungesema, wangetafuta wa kulaumu. Mimi nilikuwa nimeshapatikana."

Swaumu aliweka ugali katikati, na bakuli la mlenda. Walinawa. Abdillahi alimega tonge, akachovya, akalipeleka mdomoni. Mkono ukamgeuka njiani, tonge likaanguka kwenye kanzu, mlenda ukavutika uzi mrefu mpaka mkekani. Alilitazama. Machozi yalikuja bila kupiga hodi, machozi ya mzee, machache na mazito.

"Hata mlenda unakukimbia," alisema Mathayo. Sauti yake haikuwa na mzaha wa kutosha, akajaribu tena. "Umeutukana sana, Mswahili. Umekasirika."

Abdillahi akajipangusa uso kwa bega. Kule ukumbini watu walikuwa wanacheka jambo, sahani zinagongana, na kwa mbali Klara anaamrisha.

"Mwakani utakuwa unafanya nini?" Mathayo aliuliza.

"Nitashika pembe."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa huu mwingine." Akanyanyua wa kushoto, uliotulia, ambao hajawahi kuupa kazi yoyote ya maana. "Pembe ziko mbili. Wewe moja, mimi moja."

Hakuna aliyecheka. Swaumu alimsogezea bakuli karibu zaidi, hadi likagusa goti. Abdillahi akaurudisha mkono wa kulia kwenye ugali, akamega tena, dogo zaidi, na wote watatu wakawa wanalitazama lile tonge likipanda.